Mngurumo wa Gari Jekundu

Simu ya mkewe iliita ndani ya nyumba, na kelele zote zikakatika ghafla, kama redio iliyochomolewa ukutani.

Daktari wa meno alikuwa amejibanza nyuma ya tangi la maji, nje ya dirisha la jikoni kwake mwenyewe, simu sikioni, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Huyu ni mtu anayekula kwa kung'oa watu wazima meno huku wakiita mama zao. Lakini jioni hiyo meno yaliyokuwa yakigongana yalikuwa yake.

Na chanzo kilikuwa gari jipya.

Kwa miaka alikuwa na gari la mbio, jekundu, ekzosi mbili, mngurumo wa kutingisha madirisha. Mtaa mzima ulimsikia tangu kona ya kiwanda cha magodoro. Mchana huo alilitoa, akapewa jingine la mbio, la umeme. Jeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi, na kimya kama paka anayenyatia.

"Daktari, nakuonya mapema," dalali wa magari alimtania akimkabidhi ufunguo. "Wote wanaobadili gari hurudi hapa kunililia. Mmoja anakumbuka gia. Mwingine harufu ya petroli, jamani, ananiomba anuse magari ya wateja! Wewe utakumbuka nini?"

"Mngurumo," alijibu bila kufikiri. "Hata nyumbani wataukumbuka. Nilipomwambia mke wangu nataka kuliachia, alinishika mkono akanisihi. Mwanamke ambaye hajawahi kunipinga hata kwa kipimo cha chumvi!"

Walicheka wote wawili.

Sasa hakuna aliyekuwa akicheka. Alikuwa ameteleza na gari lake hadi getini bila kusikika, akitaka kuwashtua watu wake, na aliyeshtuka akawa yeye. Ndani kulikuwa na vishindo. Kitu kizito kiliburutwa sakafuni. Miguu ilikimbia huku na huko. Kisha ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, sauti asiyoijua kabisa.

"Sukumeni ukutani! Upesi, kabla hajaja!"

Nyumba yake ilikuwa nyumba ya nidhamu. Kila jioni akifungua mlango alikuta sebule imenyooka, watoto watatu wameinamia vitabu, mkewe amesimama na glasi ya maji. Hata kijiko kilijua kukaa kimya. Kelele hizi hazikuwa za watu wake. Na wiki hiyo hiyo wezi walikuwa wamevunja nyumba mbili pale mtaani, tena jua likiwaka.

Ndiyo maana akapiga simu.

"Haloo?" Mkewe alinong'ona. Sauti ilimtetemeka.

"Mama watoto, mko salama?"

"Tuko salama. Umefika wapi?"

"Watoto je?"

"Wanasoma. Baba watoto, umefika wapi?"

Mara mbili! Mke haulizi mumewe yuko wapi mara mbili, tena kwa kunong'ona, ila kama pembeni yake kuna mtu mwenye kisu anayetaka kujua amebakiwa na muda gani.

"Bado niko kliniki," alidanganya. "Leo nitachelewa sana."

"Sawa," mkewe akasema, na kwenye simu akaisikia pumzi yake ikishuka, ndefu.

Simu ikakatika. Mara ile sauti nzito ikapaa: "Anachelewa! Haya, endeleeni!" Vishindo vikaanza upya, na juu yake ukapasuka ukelele wa mtoto. Binti yake, kitinda mimba.

Miguu ilimshauri akimbie, na kwa kweli ilikuwa na hoja nzuri. Badala yake alirudi garini akinyata, akatoa spana ya tairi, kitu pekee alichokihamisha kutoka lile gari jekundu. Ilimponyoka kwa jasho, akaidaka kabla haijagusa saruji. Wachukue televisheni, aliomba. Wachukue kila kitu. Waniachie hawa wanne tu.

Akaingia kwa mlango wa jikoni. Akapita kabati la vyombo, ambalo kioo chake kilichovunjika kilikuwa hakijabadilishwa tangu siku ile chakula kilipochelewa. Akainua spana juu ya kichwa, akausukuma mlango wa sebule kwa mguu.

Makochi yote yalikuwa yamebanwa ukutani. Hapakuwa na mgeni yeyote. Mtoto wa kati alikuwa sakafuni, akilipiga sufuria kwa mwiko. Kitinda mimba alikuwa amepanda mabegani kwa kaka yake, akipiga vigelegele. Kaka mtu, ambaye mbele ya baba yake alijibu kwa kunong'ona tu, alikuwa akiimba, na ile sauti nzito ilikuwa ikimtoka yeye. Katikati yao mke wa daktari alizunguka na kuzunguka, amevua viatu, akicheka kwa mdomo wazi kiasi kwamba jino lililokosekana kule nyuma, upande wa kulia, lilionekana. Daktari wa meno alikuwa hajawahi kuliona pengo lile.

Wa kwanza kumwona alikuwa kitinda mimba. Hakupiga kelele. Aliitazama ile spana iliyoinuliwa, akateremka polepole kutoka mabegani, akaenda akasimama mbele ya mama yake, mikono ameitandaza.

"Nisamehe, Mama," alinong'ona. "Nilikuwa nasikiliza. Kweli nilikuwa nasikiliza. Gari halikunguruma."