Fisi Amsindikiza Punda

Paliondokea mbio za kuvuka jangwa, mwendo wa siku kadhaa, zilizowaita wanyama wote. Fisi naye alijiandikisha, wala si kwa kupenda mbio. Alimwona Punda akichechemea, akajisemea, "Huyu hafiki. Chakula changu kitaniangukia njiani."

Basi akamfuata unyounyo. Kila Punda alipopepesuka, Fisi alimwambia kwa ulimi wa asali, "Pole, ndugu yangu. Keti kidogo, jangwa halikimbii."

"Ahsante, jirani. Nitaketi nikifika," Punda alijibu, na kwa kuiogopa huruma ile akazidi kukaza mwendo.

Wengine wote walishindwa na jua wakarudi. Utepe wa mwisho ulipoonekana, miguu iliyolegea ikawa ya Fisi. Akaanguka mchangani, ulimi nje. Mara Tumbusi, yule ndege wa mizoga, akatua kando yake.

"Pole, ndugu yangu," alisema Tumbusi. "Keti kidogo, jangwa halikimbii."

Fisi alichomoka kama mshale, akampita Punda, akawa wa kwanza kukata utepe! Wanyama waliokuwa wakingoja pale mwishoni wakamshangilia, wakamkabidhi zawadi ya bingwa: mzigo mkubwa wa majani mabichi.

"Hongera, jirani," alisema Punda, akiketi hatimaye. "Hayo yote utayamaliza peke yako?"