Maziwa ya Mchungaji

Ko! Kibuyu kiligusa kizingiti kabla hakujapambazuka, na mchungaji akajua kuwa Bibi Nashipai ameshapita kumwachia maziwa.

Mchungaji aliyamwaga maziwa hayo kwenye shina la mpapai, kama kila Jumatatu. Yeye alipenda chai ya rangi yenye sukari nyingi. Maziwa mgando yenye harufu ya moshi yalimshinda. Kanisani alimwambia bibi, "Matamu sana."

Siku hiyo alikuwa na safari ya kijiji cha Rudewa, na njia ilipita kwa bibi, akakirudisha kibuyu mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mchungaji! Karibu."

Wajukuu watatu walikuwa wakinywa uji mtupu. Mdogo wao alikichukua kibuyu, akaingiza kidole. Kikatoka na utando mweupe. Akakilamba taratibu, macho ameyafumba.

"Wee!" bibi alimkemea. "Kiangazi hiki tunakamua ng'ombe mmoja tu. Mchungaji atahubirije na koo kavu?"

"Lakini bibi, yamekwisha yote," mtoto alisema.

Bibi alicheka kwa furaha, akamshika mchungaji mkono.

Mchungaji alifungua mdomo aseme kweli.

"Uje tena, baba," bibi alisema. "Jumatatu ijayo nitakijaza mpaka mdomoni."