Chai Isimwagike

Chai ilimwagika kwa mara ya tatu, na Mutunga akasimamisha gari katikati ya barabara ya Kware bila kujali honi za nyuma.

"Umeona?" alisema. "Nusu kikombe imeenda. Na hilo lilikuwa tuta dogo tu."

Fundi wake, Ng'ang'a, alipangusa suruali kwa kitambaa cha grisi, akameza tusi. Wiki mbili sasa mzee huyu alikuwa akimsumbua na gari lake, basi kuukuu la shule alilong'oa viti vyote na kulifanya nyumba: kitanda, meza, sinki, hata pazia. Kila asubuhi alifika gereji na themosi yake. Akitaka kupima kazi, hujaza kikombe, hukiweka mezani, humkalisha fundi huko nyuma, kisha huendesha. Chai ikimwagika, kazi irudiwe.

Na masharti yake sasa! Bushi zote mpya, zile raba za chini ya gari. Chuma cha kuzuia gari lisiyumbe kwenye kona. Ngazi ya mlango ishushwe. Kitanda kiwe kushoto, kichwa kielekee mbele, na rafu ya redio iwe karibu na mto, "maana mtu wangu lazima asikilize matangazo ya vifo kila siku."

Ng'ang'a aliwajua wazee wa aina hiyo. Ana pensheni, ana kimwana mahali, na anataka kumbembeleza hadi Naivasha bila kusikia shimo. Kimwana wa kusikiliza matangazo ya vifo ni wa namna gani, hakujiuliza. Mtu akishachukia, hesabu zake huwa hazitoki vizuri.

Waliporudi gereji, Mutunga alisema waziwazi, Bedan wa kupiga rangi akisikia: "Mafundi wa hapa wote ni wezi. Nimeletwa kwako na mtu anayekusifu. Sijui aliona nini."

"Mzee, kama hutaki, peleka kwingine."

"Ningekuwa na ruhusa ningepeleka juzi. Rudia hii kazi. Kwani mamako hakukufunza kumaliza kitu ulichoanza?"

Ng'ang'a ungeweza kumwita mlevi, ungeweza kumwita mvivu, akacheka tu. Lakini mama, hapana. Ni kweli hakuwa amekanyaga kwao Nyahururu tangu matanga ya baba, alipogombana na dada yake Shiku juu ya shamba. Ni kweli pia kwamba simu za Shiku alikuwa hazishiki, hata hizi za juzijuzi zilizofuatana. Hata hivyo mama ni mama.

"Mamangu mwache alipo," alisema.

Kesho yake Mutunga alileta shoki mpya nne za kuzuia gari lisirushe watu, bado ziko kwenye maboksi, na Ng'ang'a akazifunga. Walipotoka kupima, walipanda matuta yote hadi Pipeline na kurudi. Chai haikumwagika hata tone. Mzee hakusema asante. Aliagiza ngazi imaliziwe, akasema atachukua gari siku inayofuata saa sita, akaenda zake.

Alipokata kona tu, Ng'ang'a aliingia chini ya gari. Alifungua shoki mpya zote nne. Mahali pake akafunga nne za basi lililokufa kitambo nyuma ya gereji, ngumu, zimekauka mafuta. Bedan alizipulizia rangi nyeusi zikang'aa.

"Buda, na akigundua?" Bedan aliuliza.

"Agundue akiwa mbali. Nataka kila shimo limwingie kwenye uti wa mgongo, yeye na huyo mtu wake. Alimtukana mamangu, Bedan. Hiyo siwezi kumwachia."

Siku iliyofuata Mutunga alifika bila themosi. Aliinama, akachungulia chini ya gari, akaona weusi ule mpya unavyometameta. Kisha akanyoosha mkono.

"Leo hakuna wakati wa chai, mtu wangu ananingoja," alisema. "Fundi, labda nilikukosea. Kazi nimeiona."

Ng'ang'a aliushika mkono huo. Haya zilimjia kidogo, akakumbuka lile tusi, zikamtoka. Alisimama kando ya barabara akitazama gari likiyumbayumba kuelekea mjini, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

Saa kumi jioni simu ililia. Ilikuwa namba ya Mutunga. Ng'ang'a alicheka kwa sauti, akamwita Bedan na mafundi wengine, akaiweka simu kwenye spika juu ya boneti.

"Kujeni msikie mzee akilia."

Kwanza walisikia vyombo vikigongana, na redio ikisoma majina ya marehemu. Mafundi wakaangua kicheko. Kisha ikaja sauti ya mwanamke mzee, akiongea Kikuyu polepole, maneno yakikatika kila gari liliporuka.

"Ng'ang'a, ni mimi mamako. Nimelala hospitali mwezi mzima, nilivunjika nyonga, leo ndiyo wameniruhusu. Huyu mzee hubeba wagonjwa hadi kwao. Nilimkataza kukutajia jina langu, nami nikakataa kupanda mpaka gari litengenezwe na mwanangu, kwa sababu nakujua." Kitu kizito kilianguka, naye akaguna kwa maumivu. "Ninarushwa kidogo, baba, lakini usijali. Hiyo ni mifupa yangu, si kazi yako."