Kanda ya Paratene

Kwa siku mbili za msiba Paratene alijifungia ndani ya gari nyuma ya jiko la ukoo, vioo vimepandishwa, akimfuatisha marehemu baba yake neno kwa neno. Kanda ikifika mwisho anairudisha nyuma, anaanza tena.

Aliikuta asubuhi ile aliyofika kutoka mjini Porirua, kwenye droo ya mzee, chini ya miwani. Juu yake mzee alikuwa ameandika kwa kalamu: Ya Paratene. Ndani mlikuwa na sauti yake, dakika nne, Kimaori kitupu, lugha ya ukoo wao.

Kimaori cha Paratene kilikuwa salamu na majina ya vyakula. Mzee Rutene hakuwahi kumsemesha lugha hiyo hata mara moja. Nyumbani kilikuwa Kiingereza, tena cha kubania: funga mlango, kula, umechelewa. Miaka thelathini na minne ya baba na mwana, na Paratene hakukumbuka mazungumzo yoyote yaliyodumu mpaka chai ikapoa.

Kazi ya kanda, hata hivyo, aliitambua pale pale. Rutene alikuwa msemaji wa mwisho wa ukoo. Msibani, wageni wanapoingia uwanja wa ukoo wakamhutubia marehemu, lazima mwanamume wa nyumbani asimame awajibu kwa Kimaori. Wanaume waliobaki wote walikuwa bubu kama Paratene. Waliokuwa wakiijua lugha ni vikongwe watatu tu, na kwa mila ya pale mwanamke hahutubii uwanjani. Mzee alijiona anaondoka, akamwachia mwanawe la kusema. Ingekuwa nini kingine?

"Tuazime msemaji kwa jirani, bwana," alisema binamu yake, Hemi, akigonga kioo cha gari huku mkono mwingine umeshika sahani ya nyama ya nguruwe na viazi vitamu. "Hamna aibu. Wewe mtu wa kiwanda cha magari, utawaambia nini wale wazee? Utawauzia gari?"

"Baba yangu hasemewi na mtu wa kuazima."

"Basi muulize Shangazi Kararaina hata maana yake."

"Nimwambie sijui? Mbele ya wale bibi wote? Acha sahani hapo, uende zako."

Akaendelea. Alikariri kila neno na kila pumzi. Pale mzee aliposita, naye alisita. Karibu na mwisho sauti ya kwenye kanda ilikwaruza, ikakatika, ikarudi iko chini. Paratene alidhani ndivyo wazee wanavyohutubia, akakariri na huko kukatika.

Siku ya tatu waliingia wageni kutoka ng'ambo ya mto, basi zima. Mzee wao alisimama na fimbo yake, akamsemesha Rutene kwa muda mrefu, kama mtu anayezungumza na rafiki aliyekaa upande wa pili wa moto. Rutene alilala barazani, jeneza wazi, wanawake wenye mataji ya majani wamemzunguka. Yule mgeni alipomaliza akakaa. Uwanja mzima ukawageukia wenyeji.

Paratene akasimama.

Halafu neno la kwanza likatoka, likavuta la pili, na sauti iliyosikika pale ilikuwa ya Rutene mwenyewe. Hemi aliacha kutafuna. Vijana wa mjini walitazamana, vifua mbele. Upande wa wageni, yule mzee alivua kofia polepole, akainamisha kichwa. Paratene alipofika pale pa kukatika hakuhitaji kuigiza. Sauti ilimkatika kweli. Alimaliza machozi yakimfika kidevuni, akijua kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake amemfanyia baba yake jambo la maana.

Hotuba ikiisha, wanawake huinuka na wimbo wa kumuunga mkono msemaji. Alingoja wimbo.

Haukuja.

Kikongwe mmoja alikuwa amejifunika uso kwa shali. Mwingine alikuwa akilia kwa sauti. Shangazi Kararaina, dada yake Rutene, alijaribu kusimama, akarudi chini na mkono wake juu ya jeneza.

Paratene akaona kosa ni lake. Ameharibu. Mbele ya wageni, mbele ya maiti. Alivuka uwanja mbio mbio, akapiga magoti mbele ya shangazi yake.

"Shangazi, nimekosea wapi?"

"Maneno hayo umeyatoa wapi, mwanangu?"

"Kwenye kanda. Baba aliniachia hotuba ya kumuagia."

"Hotuba," alisema Kararaina. Alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamtazama hadi Paratene akataka kujificha. "Na hujui ulichosema."

Paratene akatikisa kichwa.

Kararaina akageuka, akaiangalia sura ya kaka yake kama anayemuomba ruhusa. Kisha akainama sikioni mwa Paratene, akamfasiria kwa Kiingereza, taratibu, bila kuruka neno.

"Umesema: 'Mwanangu, shuleni walinichapa kwa kusema lugha hii mpaka nikaapa wewe hutaisikia kinywani mwangu. Nikabaki sina ya kukusemesha. Unisamehe. Nimekupenda tangu siku uliyozaliwa. Najua hutaelewa hata neno moja, na ndiyo maana leo nimethubutu kulisema.'"