Sura ya Tatu

Aliinua mkono agonge mlango, akaushusha. Akauinua tena. Ndani mtu akakohoa, na kikohozi kile kidogo kikatosha kumtimua mpaka chooni, ghorofa ya chini, akajifungia humo na karatasi zake kwapani.

Wiki hiyo hakuwa amefanya kazi nyingine ila kuusogelea mlango ule na kuukimbia. Mtu mzima na akili zake.

Karatasi zenyewe zilikuwa sura ya tatu ya tasnifu ya uzamivu, kuhusu maji yanayopotea kwenye mabomba ya mji. Mabomba aliyajua. Ujanani alikuwa akitembea barabarani na chuma chembamba, anakisimika juu ya bomba, anatega sikio, kisha anawaambia wachimbaji wachimbe hapo hapo. Hakukosea. Lakini sura ya tatu haikuwa na chuma wala sikio. Ilikuwa na milinganyo, ukurasa baada ya ukurasa, na kila alipoifungua ilimkodolea macho tu, naye akaikodolea.

Hakuielewa. Ukweli wote ulikuwa huo, na ulimkosesha usingizi. Akiingia mle ndani ataulizwa swali moja: unaionaje sura hii? Na hilo moja hakuwa na jibu lake.

"Si umwambie tu hujaelewa?" mkewe alimwambia mezani, akimsogezea sahani ambayo hakuigusa. "Kwani atakumeza?"

"Heshima yangu itabaki wapi?"

"Hiyo heshima ndiyo inayokukondesha hivi?"

Aliinuka mezani. Tangu mvua zianze alikuwa amenyamaza, na mvua zenyewe zilikwisha.

Jumatano karani wa idara, mama asiyejua kunong'ona, alimdaka kwenye ngazi.

"Ile sura ya tatu vipi?"

"Bado kidogo."

"Bado kidogo, bado kidogo! Kesho kutwa nafunga orodha. Sura isiyo na sahihi, jina linakatwa. Mimi hapo sina ndugu."

Watu wote ngazini waligeuka kumtazama. Alitamani ardhi ipasuke, lakini ngazi zile ni za zege.

Maktabani kulikuwa na dawati la takwimu, la kuwasaidia wanafunzi wa uzamili na uzamivu waliokwama. Alikuwa amelipita mara nyingi akijifanya anatafuta kitabu. Siku hiyo alijikaza kisabuni, akakaa kwenye foleni katikati ya vijana, macho sakafuni, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Msichana wa dawati alikuwa anatafuna ubani. Alizipitia kurasa, akaacha kutafuna.

"Mzee wangu, hii kazi si mchezo. Nani kakusaidia?"

Aliivuta kofia chini zaidi.

"Usione haya. Wazee wengi siku hizi wanarudi darasani. Msimamizi anasemaje?"

"Hajasema kitu."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze."

"Ala! Wasimamizi wengine Mungu awasamehe. Kumwachia mtu kitu kama hiki hewani, bila hata neno! Mbane. Ni haki yako."

"Labda hajaielewa," alisema, taratibu sana.

Msichana alicheka mpaka ubani ukamtoka. Yeye naye akacheka, kwa kuwa hakujua auweke wapi uso wake.

Kisha msichana akageuza karatasi, akachora bomba kwa kalamu, akachora lingine. "Achana na hizi alama kwanza. Chukulia unasikiliza maji. Hapa yanasema hivi, pale yanasema vile. Mlinganyo huu unazilinganisha sauti, unakuambia tundu liko wapi."

Aliinama. Aliitazama michoro, akaitazama milinganyo, akarudia. Kitu kikamfunguka kifuani.

"Ni chuma," alisema. "Ni kile chuma changu."

"Chuma gani?"

"Cha kusikilizia. Ila hiki kinasikiliza mji mzima kwa mara moja."

"Ehee! Kumbe unajua, ulikuwa unanipima tu. Sijawahi kuona sura nzuri kama hii hapa dawatini, nakwambia kweli."

Alishukuru mara nyingi kupita kiasi, akaondoka upesi kabla machozi hayajamwaibisha mbele ya vijana. Njia nzima aliisoma sura ile akitembea, akigongana na watu, akiomba radhi huku anacheka. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri tangu siku ya kwanza.

Alhamisi alinyoa ndevu. Mkewe alimnyoosha kola, akampiga kofi dogo mgongoni la kumsukuma nje, naye akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango ule. Hakukohoa mtu safari hii. Ulisikika utepe wa gundi ukivutwa, kraaa, ukakatwa, ukavutwa tena.

Aligonga kabla miguu haijambadilikia. Akafungua.

Meza ilikuwa tupu. Maboksi yalikuwa yamefungwa, yamepangwa ukutani, na mwenye meza alisimama haraka, akaondoa boksi la mwisho kwenye kiti na kukipangusa kwa mkono wa shati.

"Karibu ukae, Profesa," alisema mwanafunzi. "Usijisumbue kutafuta maneno ya kunipa pole. Asubuhi nimekwenda mwenyewe kwa karani, nimeomba jina langu likatwe, na limeshakatwa. Najua ulikuwa unaona aibu kuniambia sura yangu haifai, lakini kimya chako nilikielewa."