Mawimbi ya Ghorofa ya Pili

Dada mmoja, fundi wa mitandao, alizunguka mtaa mgeni, simu mkononi, akichora ramani ya mawimbi ya waifai. Majina ya mitandao yalijitokeza kwenye kioo cha simu: “Nunua Yako”, “Jirani Acha Wizi”. Alicheka, ila hakuwa na wa kumsimulia.

Kisha likatokea “Kijino”.

Akasimama, akalisoma tena. Kaka yake tu ndiye aliyemwita hivyo, kabla hawajagombana kwenye msiba wa mama na kaka kuhama bila kuaga.

Aliyafuata mawimbi yakizidi nguvu, hadi ghorofa ya pili, kwenye mlango wa buluu uliobanduka rangi. Akabisha.

Mtoto wa kike alifungua, povu la sabuni likimchuruzika viwikoni. Alimtazama mgeni, akatazama picha ya ukutani, akageuka.

“Baba! Kuna shangazi mlangoni.”

Ndani, bomba likafungwa.