Kamba za Bi Amne

Bi Amne alikuwa akiikaza kamba ya mwisho pale jirani yake Tabia alipopiga ukelele: "Keshafika! Bwana wa wizara huyoo, anavua viatu!"

Wanawake watatu wakainama ndani ya maji ya magotini, wakajitia wameshughulika. Kamba arubaini za mwani zilikuwa zimetandwa kwenye vigingi vya Bi Amne, mwani umenona, unapendeza kuutazama. Hata kamba moja haikuwa yake.

Zake zilichukuliwa na bahari wiki tatu nyuma, siku ya upepo mkali. Vikabaki vigingi. Na mjane wa Jambiani asiye na kamba hana mwani, na asiye na mwani atakula nini? Ndipo sheha alipoleta habari kuwa serikali inatoa ruzuku kwa wakulima wa mwani, kamba mpya pamoja na mbegu, na afisa atapita kukagua mashamba. Leo shamba la Bi Amne, kesho ya jirani zake.

"Akiona vigingi vitupu atasema mie mkulima wa mdomoni," alisema Bi Amne asubuhi ile, machozi yakimlengalenga.

"Kwani harusini watu hawaazimani mikufu?" alijibu Mwanaasha, jirani yake wa shamba. "Chukua kamba zangu, chukua na za Tabia. Kesho zitahamia kwetu."

Wenyewe hawakuiona hiyo kuwa hila. Ni ujirani tu. Mgeni haonyeshwi upungufu wa mwenzio. Basi tangu maji yalipoanza kutoka walikuwa wakifungua huku na kufunga kule, na kicheko kikiwapunguza nguvu.

Afisa Anuar akawasili, suruali kaikunja, karatasi kaziinua juu zisirowe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu shamba."

Akainua kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Na ule upepo haukukufika?"

"Ulinifika. Lakini mie nafunga fundo la kizamani," alisema Bi Amne. "Halifunguki lile."

Mwanaasha akajiziba mdomo kwa kanga.

"Mashaallah," alisema afisa, kisha akageuka. "Na vigingi vitupu vile pale, vya nani?"

Wakatazamana. Hawakufikiria kwamba mtu aliyekuja kukagua shamba moja angekuwa na macho ya kutazama la pili.

"Vyangu," alisema Mwanaasha taratibu.

"Na vile vya nyuma vyangu mie," alisema Tabia, naye kicheko kimemkauka.

Afisa akaandika, akaandika, akageuza karatasi, akaandika tena. Bi Amne aliona haya mpaka akatamani maji yarudi yamfunike. Wenzake wamemvisha, wao wamebaki uchi! Hapana, heri akose yeye. Akafungua kinywa aseme kweli.

"Poleni sana," afisa alimuwahi. "Bi Mwanaasha, Bi Tabia, nshakuandikeni. Ruzuku hii ni ya waliochukuliwa kamba zao na bahari. Bi Amne yeye hana haja, ila tutamuomba akufundisheni lile fundo lake."

Hata afisa alipokwishafika ufukweni, hakuna aliyethubutu kucheka. Mwanaasha ndiye aliyemshika Bi Amne mkono.

"Basi hizi zako, shoga. Sisi tunaletewa mpya."